Kuku Mmoja, Firigisi Moja

Niliiba firigisi nikiwa na miaka tisa, kwa bibi yangu kijijini Mvumi, Dodoma, siku wageni walipokuja kumposa shangazi yangu mdogo.

Naandika "niliiba" kwa sababu ndilo neno lililotumika. Mimi kwa akili yangu nilikuwa naonja chumvi. Bibi alikuwa ameniachia sufuria, jogoo mwekundu anachemka taratibu na chumvi na kitunguu tu, na kazi yangu ilikuwa kusogeza kuni na kufukuza mbwa. Nikafunua mfuniko. Ile kitu ikaibuka juu yenyewe, imejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikaitoa kwa mwiko, nikaipuliza, nikaiuma pembeni kidogo. Sasa firigisi ukishaiuma pembeni huwezi kuirudisha, alama ya meno inaonekana. Nikaimaliza.

Wageni walikuwa wanne, wakiongozwa na mshenga, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya pama. Maji ya kunawa yakapita, ugali wa uwele ukawekwa, bakuli la kuku likafuata. Mzee akageuza vipande kwa kijiko. Akavigeuza tena, mara hii akianzia chini. Hakusema neno. Akaegemea kiti, akaanza kuulizia habari za mvua.

Babu akaelewa. Akatoka nje, akamwita bibi, na muda si mrefu sisi watoto tulikuwa juu ya mti nyuma ya zizi tunamshusha tetea aliyekuwa ameshalala. Wageni wakala saa nne usiku. Ndoa ilifungwa, kama unataka kujua, na shangazi ana wajukuu.

Bibi hakunichapa. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunapepeta uwele, akaniambia bila kuniangalia, "Ungekula paja ningemsingizia paka. Mapaja ni mawili. Firigisi ni moja, mjukuu wangu. Ningemwambia nini yule mzee?"

Kwa muda mrefu niliamini yule mshenga alikuwa mroho. Nimekuja kumwelewa ukubwani. Alikuwa anatafuta ushahidi. Kuku akishakatwa, vipande vyake havina jina. Mapaja yanaweza kuwa mabaki ya jana, mgongo unaweza kuwa umetoka kwa jirani. Shingo nayo ni moja, kweli, lakini nani aliwahi kuheshimiwa kwa shingo? Firigisi ikiwemo kwenye bakuli la mgeni, anajua leo hapa kumechinjwa, na kumechinjwa kwa ajili yake. Ni risiti. Isipokuwepo, hata kama kuku alichinjwa kweli, mgeni amekula bidhaa isiyo na risiti.

Na jambo hili si la kwetu Ugogoni tu. Kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke anayempakulia mtu mwingine anajitafutia kesi. Baganda zamani walikwenda mbali zaidi. Mwanamke hakutakiwa kula kuku kabisa, wala yai, ingawa aliyefuga ni yeye na aliyepika ni yeye. Kwetu wanawake walipata mgongo, mabawa na shingo, wakashukuru.

Watoto tulipata miguu na utumbo, na hapo sitaki mtu atuonee huruma. Utumbo ulipasuliwa kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho, ukasuguliwa kwa chumvi na majivu mpaka ukaacha kuteleza, halafu tukauzungushia kwenye mguu wa kuku kama mtu anayefunga bandeji. Mguu wenyewe ulikuwa umebabuliwa motoni na kuvuliwa ile ngozi ya njano na kucha zake. Ukiuweka juu ya makaa, utumbo unajikaza, unatoa mafuta, unalia. Sijawahi kula mshikaki mjini uliofikia ule.

Na kama aliyechinjwa ni tetea, kulikuwa na mayai machanga. Hakuna aliyewahi kunieleza vizuri kabla sijaona mwenyewe: ndani ya mgongo wa kuku kuna kishada cha viini, cha kwanza kikubwa karibu cha kutagwa, kinachofuata kama gololi, kingine kama punje ya mtama, hadi vile vidogo vya kama haradali. Mayai ya mwezi mzima yamepanga foleni. Bibi alikuwa akiyaona anasonya. "Tumekula na kesho," anasema, halafu anayatumbukiza kwenye mchuzi.

Ila nimeahidi kuzungumzia firigisi.

Kuku hana meno. Anachodonoa kinakwenda kwanza kwenye gole, ule mfuko wa shingoni unaotuna jioni akiwa ameshiba. Kutoka hapo kinapita kwenye tumbo dogo jembamba linalotoa maji ya kumeng'enya, ndipo kinaingia kwenye firigisi, ambayo ndiyo meno yake. Ni misuli miwili minene inayosaga, na ndani yake kuku mwenyewe amejaza mchanga na vijiwe alivyookota kwa makusudi. Anayelishwa pumba laini bandani, wiki chache tu tangu aanguliwe hadi achinjwe, firigisi yake haina kazi kubwa, ndiyo maana ni laini na ndogo ukilinganisha na mwili wake. Kuku wa Mvumi anasaga mtama, uwele, mende, mbegu za magugu na kila kilichomponyoka mtu. Firigisi yake ni kama mkono wa mtu wa jembe.

Ukiipasua utajua kila mahali alipopita. Unaikata kwenye ukingo mwembamba pale misuli inapokutana, unaifungua kama kitabu. Kwanza kuna punje ambazo hazijasagika, halafu vijiwe vyeupe vinavyong'aa, vimelainika kingo zote kama vimepigwa msasa. Nimewahi kukuta shanga ya buluu. Nimewahi kukuta kifungo cha shati, na kaka yangu akakitambua kuwa ni chake. Vipande vya chupa navyo humo, vimekuwa butu kabisa. Wajapani wanaiita firigisi jina lenye maana ya "ini la mchanga", sunagimo, wanaichoma kwenye vijiti. Kuku ni wao, lakini mchanga ni kama wa Dodoma. Wakorea wao, samahani kwa wanaokula sasa hivi, wanaiita nyumba ya mavi ya kuku. Na wanaila kwa furaha.

Ukishamwaga uchafu na kusuuza, kinabaki kile kigozi cha ndani, cha njano, kigumu, chenye mikunjo. Rangi hiyo ni ya nyongo inayorudi kutoka chini. Kidokezo kimoja ambacho ningependa ukishike hata ukisahau mengine yote: kivue kabla firigisi haijaguswa na maji ya moto. Ingiza ukucha kwenye ukingo, vuta kidogo kidogo, kitatoka chote kwa pamoja kama soksi. Ukiichemsha kwanza, kinang'ang'ania na utaishia kukwangua kwa kisu huku unalaani. Sisi tulimtupia mbwa. Wachina wanakikausha, wanakisaga, wanakitumia kama dawa ya tumbo lililokataa kusaga chakula, na ukifikiria ni mantiki ambayo bibi angeikubali palepale.

Baba yangu mdogo ni bwana mifugo, alisomea Mpwapwa, na yeye huangalia lile tumbo dogo lililo juu ya firigisi kuliko firigisi yenyewe. Kuku akifa ghafla humpasua, akalifungua. Akikuta vidoa vya damu kwa ndani, kama mtu aliyemwagia kalamu nyekundu, anashuku ugonjwa wa kideri, wengine tunaita mdondo. Kiangazi kikikolea, kideri kikaingia kijijini, kinafagia. Na hapo ndipo palikuwa na jambo la ajabu la utoto wetu. Wakati wa kideri, watu waliwahi kuchinja kabla kuku hajafa mwenyewe, nyama ikawa kila jioni, na firigisi zikawa nyingi hadi watoto wakapewa. Mzee mmoja kijijini aliikataa iliyoletwa mbele yake akasema hiyo ni firigisi ya msiba. Baba mdogo alikuwa akizunguka na kichupa chake cha chanjo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, akibembeleza watu wachanje kuku, na akigombana na wanaokula kuku wagonjwa. Waliochanja wakabaki na kuku. Na firigisi zao zikabaki adimu, yaani na heshima yake.

Mjini ni habari nyingine. Naishi Kisasa, mtaa wa Dodoma mjini, na majirani wanataniana kwamba ndiyo maana tunakula kuku wa kisasa. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 watu wameongezeka, na kila penye kona pana kibanda cha chipsi. Kuku wanaokwisha kwa siku moja sijui nianzie wapi kuwahesabu. Wakienda kwa vipande, matumbo yao yanabaki mahali. Na hao si kuku wa nje, maana Tanzania ilizuia kuingiza kuku mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege. Hizi firigisi zilizojaa kwenye mafriza ni za kuku wetu.

Kabla sijazizoea zile za friza, nilipata somo sokoni. Soko silitaji, wahusika wanajijua. Nilinunua kuku watatu wa kienyeji kwa ajili ya ugeni, nikawaacha kwa vijana wachinje na kunyonyoa, nikaenda kutafuta viazi. Niliporudi kuku wamefungwa vizuri kwenye mfuko, wamenyonyolewa wakapendeza. Nyumbani nikakuta firigisi mbili. Nikatafuta ndani ya mbavu, nikatafuta kwenye mfuko, nikajikuta nageuza vipande kama yule mzee wa kofia ya pama. Kesho yake nikarudi.

"Kaka, kuku wangu mmoja hakuwa na firigisi."

"Dada yangu," akasema bila kuacha kunyonyoa, "huyo alizaliwa hivyo."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Siku hizi nasimama palepale mpaka mwisho. Na wakiniuliza "utumbo unachukua?" najibu nachukua, hata kama sina mpango nao, ili wajue nahesabu.

Sasa za friza. Siku ya kwanza nilinunua kilo, nikazimwaga kwenye beseni, nikazihesabu. Zilikuwa 32. Kuku thelathini na wawili! Heshima ya wageni thelathini na wawili ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Nilikaa nazitazama kama mtu aliyekuta bunda la noti njiani, nikijua kuna mahali nimekosea ila sioni wapi.

Ninavyozipika ni hivi. Kwanza nazikagua, maana nyingine huletwa na vipande vya kile kigozi cha njano, na hakichemki kikalainika hata ukikesha. Mafuta ya nje nayapunguza, sio yote. Naziweka kwenye sufuria na chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, maji yafunike tu, moto mdogo. Za kisasa dakika 40 zinatosha. Za kienyeji ni saa moja, na kama jogoo alikuwa mzee ni zaidi, jipange. Wapo wanaotia kipande cha papai bichi ili zilainike haraka, na kinafanya kazi, lakini ukizidisha unapata kitu cha kutafuna bila meno. Firigisi lazima ikupe upinzani kidogo, nusu ya utamu wake ni pale jino linapoingia. Maji yakishakauka namimina mafuta ya alizeti, yetu haya ya Dodoma na Singida yenye harufu, sio yale yaliyosafishwa mpaka yakasahau yametoka wapi. Zikaangike hadi kingo ziwe za kahawia, ndipo vitunguu, nyanya, hoho, pilipili mbuzi. Nchini Nigeria wanazichanganya na ndizi za kukaanga, wanaita gizdodo. Nilijaribu na ndizi mzuzu, nikapenda. Watoto wangu walikula ndizi wakaniachia firigisi.

Maini usiyachanganye nazo tangu mwanzo. Yanataka dakika chache tu mwishoni. Yakizidi yanakuwa kama chaki. Lakini yasibaki na wekundu katikati, maana ini la kuku hubeba vijidudu vya kuharisha hadi ndani, sio juu tu. Na kabla ya yote shughulika na nyongo, kile kifuko cha kijani kilichojificha chini ya ini, kama zabibu ndogo ambayo haijaiva. Shika ini kwa kidole, kata mbali nacho, poteza kipande cha ini kuliko kukipasua. Kikipasuka, usijidanganye kuosha. Kata sehemu yote iliyopata kijani, tupa. Nimewahi kuharibu sufuria nzima kwa uchoyo wa kijipande cha ini, tukaishia kula mlenda peke yake.

Moyo upasue katikati utoe bonge la damu, basi, hauna maneno. Mapafu yale mekundu yaliyonata kwenye mbavu mimi nayakwangua natupa, na wanaokula sina ugomvi nao. Kwa upande wa afya, ini lina madini ya chuma na vitamini A nyingi sana, nyingi kiasi kwamba mama mjamzito anashauriwa asilizidishe. Mwenye jongo akae mbali na hivi vya ndani vyote, hata kama harufu inamwita kwa jina.

Baba alikuja mwezi wa saba kuangaliwa macho. Nikasema mzee wangu huyu, aliyekula firigisi moja moja maisha yake yote na kila moja akaisubiri, leo ale mpaka aseme basi. Nikapika kilo nzima. Nikampakulia sahani yake peke yake, firigisi zimejaa hadi mchuzi hauonekani, ugali wa uwele pembeni, mlenda. Akanawa. Akaitazama sahani muda mrefu, nikadhani ni macho.

"Umechinja kuku wangapi, mwanangu?"

"Sijachinja, baba. Zinauzwa kwa kilo."

"Kilo ya firigisi."

"Ndiyo, baba."

"Na kuku wenyewe wako wapi?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikawaza mapaja yao kwenye vibanda vya chipsi, vidari vyao kwenye hoteli za wenye semina. "Wameliwa na watu wengine," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu ikakubali. "Kwa hiyo hapa hakuna aliyechinja."

Halafu akala. Akala kumi na moja, nilizihesabu, akaomba pilipili iongezwe, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Nilipokuja kuondoa vyombo akanishika mkono.

"Hizo zilizobaki unifungie. Mama yako anazipenda sana."

Nikasimama na sahani mkononi. Nimelelewa na mama yangu, nimekula naye jikoni miaka kumi na nane, mgongo na shingo. Sikuwahi hata siku moja kumwona na firigisi mdomoni.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu nimemuoa," akasema, akanyanyuka kwenda kuswaki.

Nikampigia mama simu usiku uleule. Nikamsalimia, nikamweleza macho ya baba, nikamwambia kuna mzigo wa firigisi unakuja na basi la asubuhi, nikamuuliza ni kweli anazipenda. Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekamatwa. Kisha akauliza kama nimezitia pilipili, maana baba huwa anazitia nyingi mno.